Sindano za Mdogo Wangu

Binti yangu alianza kwa kunisifu, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Mtoto niliyemzaa mwenyewe hawezi kunisifu bure bure kabla ya chai. "Mama," akasema, "hakuna mtu mwenye mkono wa sindano kama wewe." Nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, aseme anachotaka. Alikuwa amesimama mlangoni, na kiuno chake kile cha kwa baba yake kimeziba njia yote. Akainamisha kichwa, akakwangua rangi ya kucha, kisha akalitoa lote kwa mkupuo. Gauni lake la harusi atashona mama yake mdogo. Mimi, kama sitajali, nitawaangalizia sindano.

Nitawaangalizia sindano! Mimi mama mzazi, mimi fundi niliyekalia cherehani kabla huyo mdogo wangu hajajua kufunga kifungo. Nikamjibu, "Sawa, mwanangu." Mdomo ndio uliosema sawa. Roho ilikuwa imeshajifunga kibwebwe.

Nitasema wazi, niliona wivu. Watu wastaarabu wangesema wameumia, wamevunjika moyo, wamesikitika kidogo. Mimi niliona wivu, ule wa kumfanya mtu achungulie sahani ya mwenzake kuona kama nyama yake ni kubwa zaidi. Chai ile sikuimaliza.

Mimi na mdogo wangu tunafanya kazi katika chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Upande wa barabarani ni wake, kwa sababu mashela na magauni yanataka kuonekana na wapita njia. Upande wa nyuma ni wangu. Nashona maturubai, mifuko, viti vya magari, vitambaa vigumu ambavyo sindano ikipita inaguna. Watu wanamwita yeye Fundi Mashela. Mimi wananiita Fundi Turubai, tena mbele yangu, wakidhani nikicheka nao nimefurahi.

Lakini sindano zote za chumba kile hupitia mkononi mwangu, zangu na zake. Ndivyo alivyotuachia marehemu mama. Yeye alikuwa mshonaji pia, na alikuwa akisema cherehani ni mkokoteni tu, punda ni sindano. Akaangalia watoto wake wawili, akamwachia utunzaji wa sindano yule ambaye mkono wake hauna haraka. Mdogo wangu aliachiwa sura na sauti nzuri, mimi niliachiwa sindano, na kwa miaka yote hiyo niliona mgawo ulikuwa wa haki.

Pamoja na kazi hiyo kuna mwiko. Sindano ikishatoka kwa mtunzaji haijaribiwi. Huipitishi kwanza kwenye kitambaa kibovu, huikwaruzi kwa ukucha. Unaifunga, unaikaza, unashona. Kuijaribu ni sawa na kunusa chai uliyokaribishwa. Mdogo wangu, kwa kiburi chake chote cha leisi na shanga, mwiko huo hajawahi kuuvunja hata siku moja.

Na kuzisafisha si kupangusa tu kama wanavyodhani wanaopita dirishani. Naichomoa sindano, naishika kichwani, napangusa kuelekea kwenye ncha. Ukipangusa kinyume, ncha inakwangua nyuzi za kitambaa chako na unaiacha chafu kuliko ulivyoikuta. Iliyoshona vitu vya gundi naipitishia pamba yenye spiriti. Kwenye tundu napitisha uzi mnene, naupeleka na kuurudisha mpaka utoke mweupe. Halafu naibingirisha juu ya kipande cha kioo. Iliyonyooka inakwenda kimya, iliyopinda inayumba kama mlevi anayerudi nyumbani. Mwisho naivuta juu ya soksi ya nailoni, na ikinasa hata kidogo najua ncha ina jino. Inayonoleka nainoa. Isiyonoleka naivunja kabla ya kuitupa, mtu asije akaiokota akaharibu nguo ya watu. Zilizo nzima nazilaza ndani ya kitambaa kilichoguswa na mafuta ya cherehani, kutu isizione. Za nguo nyeupe sizitii mafuta, nazilaza kwenye poda.

Sasa kazi hiyo, ambayo ilikuwa heshima yangu, binti yangu alikuwa amenirudishia kama mabaki. Gauni kwa mama mdogo, sindano kwa mama. Hata muuza vifungo wa ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye habari za mtaa humfikia kabla ya wenyewe, alinijia makusudi siku ya pili yake.

"Eti gauni anashona mdogo wako?" akaniuliza, huku anajifanya anatafuta kivuli.

"Eti."

"Na wewe mama mtu unashona nini?"

"Nashona turubai la kuwakinga mvua wambea siku ya harusi," nikamwambia, "na la saizi yako bado sijapata kitambaa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Alipoondoka nilishona mshono mzima wa turubai la watu bila uzi wa chini, nikaja kugundua nimefika mwisho.

Mdogo wangu na binti yangu wakaanza kujaribishana gauni. Binti yangu akawa anakuja jioni akitoka kazini, "Shikamoo mama," haraka haraka, kisha anapotelea ng'ambo ya pazia. Mimi nabaki na turubai la mtu wa lori magotini. Wangekuwa wanacheka ningevumilia, maana kicheko unakisikia na unajua kinahusu nini. Walikuwa kimya. Nilikuwa nasikia pini zikigonga kisahani, na pengine mdogo wangu akiguna kidogo kama mtu anayefikiri. Siku moja uzalendo ulinishinda nikasogeza ukingo wa pazia. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti chini, pindo mkononi. Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho ameyafumba, mikono inaning'inia, ametulia kama mtu anayesukwa nywele na mkono anaoupenda.

Kwangu mtoto huyo hajawahi kutulia hivyo. Tangu akiwa na meno ya utoto, nikimsimamisha nimpime anajikunja, anageuka, anauliza kama bado. Nikalirudisha pazia taratibu. Nikajiuliza huyu mdogo wangu amemlisha nini mwanangu.

Nikampelekea mume wangu malalamiko. Mume wangu ni fundi saa, mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi.

"Mdogo wangu ananinyang'anya mtoto," nikamwambia.

"Mtoto ananyang'anywa na mwanamume mwezi ujao," akasema, bila kuinua kichwa kwenye saa yake. "Huyo hujamwona?"

"Mimi sitanii."

"Nami sitanii. Wivu wako huo tungeuunganisha na nyaya, mtaa mzima usingekosa umeme."

Nikamwacha na saa zake. Ukweli ni kwamba mkwe mtarajiwa hakunisumbua hata kidogo. Mwanamume anayemchukua binti yako anakuja mchana na wazee wake, anabisha hodi. Huyu wa ng'ambo ya pazia hakubisha.

Basi ikafika siku mdogo wangu akaniletea kibati. "Dada, hizi ni za gauni la mtoto. Nisafishie, kesho naanza mishono ya ubavuni." Hakuongeza neno. Akakiweka kwenye kona ya meza yangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na hata adabu yake iliniudhi.

Siku hiyo nilifunga mapema. Nilikwenda na kibati mpaka kwenye kibanda cha mume wangu, kwa sababu nilitaka kioo chake, kile cha kukuzia anachokibana jichoni. Kwa kawaida sikihitaji. Vidole vyangu na soksi ya nailoni vinanitosha. Lakini sindano hizi nilitaka kuzikagua kama askari anavyokagua mzigo wa mtu aliyemshuku tangu mbali.

Nikazipangusa. Nikazibingirisha juu ya kioo cha kaunta yake, zikabingirika vizuri. Nikazivuta kwenye soksi, haikunasa hata moja, na siku nyingine yoyote hilo lingenitosha, ningezilaza kwenye poda nikaenda zangu. Siku hiyo nikabana kile kioo jichoni, nikaangalia ncha.

Ilikuwa butu! Imeviringika kabisa. Nikaangalia ya pili, nayo butu. Nikaangalia zote, na kila iliyofuata ilinipa raha kuliko iliyotangulia. Nilifurahi, jamani. Furaha ilinipanda kutoka tumboni kama mtu aliyeokota pete. Fundi Mashela huyo! Huyo ndiye aliyechaguliwa! Anataka kumshonea mwanangu gauni kwa vijiti.

"Hebu tazama," nikamwambia mume wangu. "Tazama sindano za shemeji yako."

Akachukua kioo, akatazama moja, akatazama nyingine. "Zote ziko hivi?"

"Zote!"

"Na zote zimelika sawasawa?"

"Ulitaka zilikeje?"

"Sijui mambo ya sindano," akasema. "Lakini kwenye saa, vitu vikichakaa havichakai sawa. Kimoja hutangulia, kingine hufuata. Hizi ni kama zimekubaliana."

"Wewe baki na saa zako. Niazime lile jiwe lako dogo."

Akanitazama. Halafu akanipa jiwe, kwa sababu tumeoana siku nyingi.

Nilizinoa pale pale dirishani, jua likiwa bado linatosha. Sikuzinoa kwa hasira, nisisingiziwe. Nilizinoa kwa upendo, moja moja, nikiizungusha kila sindano kati ya kidole gumba na cha shahada, naipeleka kwenye jiwe kwa kuibembeleza, naiangalia, naipeleka tena. Na kichwani nilikuwa natunga hotuba. Siku gauni likikamilika na watu wakilisifia, nitasubiri kidogo, halafu nitasema polepole, mbele ya binti yangu, kwamba lisingetoka hivyo kwa zile sindano za mwanzo. Sitataja jina. Nitacheka kidogo. Mdogo wangu atanielewa. Nilizirudisha kwenye poda zikiwa kali hata ungeweza kumchanja nazo mtu.

Asubuhi nikamkabidhi. "Asante, dada," akasema. Nikarudi upande wangu, lakini pazia nililiacha na mwanya. Nikamwona anachukua moja, anaifunga, anaikaza, anatunga uzi. Hakuijaribu. Kile kitambaa kilikuwa laini, cheupe, cha kuvutika, vile vitambaa vya siku hizi vinavyoshika mwili wote bila kuomba ruhusa. Akashona ubavu wa kwanza, akashona wa pili. Sauti ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe niliisikiliza kwa fahari.

Jioni binti yangu akaja kulijaribu. Nikasikia gauni likipanda, nikasikia mdogo wangu akisema "taratibu, taratibu." Kisha kikafuata kilio kifupi, kama cha mtu aliyejikata.

Sikubisha hodi, niliingia na pazia lenyewe. Binti yangu alikuwa mbele ya kioo. Kando ya mshono, kuanzia kwapani mpaka nyongani, kitambaa kilipovutika kilikuwa kimetoboka vitundu vidogo vidogo, ubavu huu na ubavu huu, kama kimeliwa na wadudu. Kimoja kilikuwa kimeshaachia na kuanza kufumuka kuelekea chini. Alikuwa ameinua mikono, hathubutu kuishusha.

Mdogo wangu alikwenda kwenye cherehani, akachomoa sindano, na kwa mara ya kwanza tangu mama atuache, akaijaribu mbele yangu. Aliipitisha juu ya ukucha wake. Ikaacha mstari mweupe. Akainua macho akanitazama, nami nikayaelewa yote kabla hajafumbua mdomo. Kuna sindano zinazotengenezwa na ncha ya mviringo makusudi, kwa ajili ya vitambaa vya kuvutika. Ile ncha husukuma nyuzi pembeni ikapita katikati. Ncha kali huzikata. Nilikuwa nimeshasikia habari hizo. Muuza sindano mmoja aliwahi kunieleza kwa kirefu, nikamwambia mimi nashona maturubai, maneno hayo akawauzie wengine.

Mdogo wangu akamgeukia binti yangu. "Ni mimi, mwanangu," akasema. "Nimeharakisha. Nimefunga sindano isiyo ya kitambaa hiki. Nisamehe."

Binti yangu, na gauni lake lililotoboka, na machozi yake yakiwa bado shavuni, akainama akamkumbatia. "Usijali, Mama mdogo," akasema. "Usijali. Ni nguo tu." Akawa anampigapiga mgongoni. Bibi harusi ndiye anambembeleza fundi!

Mtu mwema angeona aibu hapo. Mimi niliona wivu kuliko siku zote. Kosa lilikuwa langu. Nililitengeneza kwa mikono yangu, kwa jiwe la mume wangu, nikalikesha kwenye poda, na sasa mdogo wangu amelichukua akajivika, na anasamehewa nalo. Anakumbatiwa nalo! Mwanangu hajanikumbatia namna ile tangu avunje ungo. Gauni langu amechukua, mtoto amechukua, na hata kosa langu ameshindwa kuniachia.

"Muache!" nikapiga kelele. "Hilo kosa ni langu!"

Wakaachana wakanitazama.

"Mimi ndiye niliyezinoa hizo sindano. Nimezinoa zote, kwa jiwe, hakuna aliyenisaidia. Wewe usisamehewe kwa jasho la mwenzako."

"Umezinoa?" binti yangu akauliza. "Kwa nini?"

"Zilikuwa butu."

"Zimezaliwa hivyo, dada," mdogo wangu akasema kwa upole.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe habari za sindano?" Hapo upole ulimwisha kidogo, nikamwona yule mdogo wangu wa utotoni, aliyekuwa ananiuma kisha anakwenda kulia kwa mama. "Nani mwenye ubavu huo? Mara ya mwisho nilipokukosoa ulikaa wiki nzima unaongea na mimi kupitia wateja."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nikalirukia lingine. Nikamgeukia binti yangu. "Na wewe. Kwa kuwa leo ni siku ya kusemezana, niambie. Mimi ni fundi. Mimi ni mama yako. Kwa nini gauni lako hukunipa mimi?"

Nilidhani atasema mimi ni wa maturubai. Jibu la hilo nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu ile asubuhi ya chai.

Akajifuta machozi. "Kwa sababu ukinipima unanisema, Mama."

"Nakusema vipi?"

"Unanisema. Ukizungusha futi kiunoni lazima useme haya tena, kiuno cha kwa baba yako. Mkono, unasema wa mbeba mizigo. Ile sare yangu ya kwanza ya shule uliwaambia wateja kitambaa changu kingevalisha darasa zima. Wakacheka. Nilikuwa nimesimama pale juu ya stuli na nguo ya ndani."

"Nilikuwa natania," nikasema. "Si sisi tunataniana? Baba yako mwenyewe..."

"Mama mdogo ananipima, anaandika," akasema. "Basi. Nilitaka gauni moja tu, Mama, moja, ambalo nikilivaa sisikii sauti yako humo ndani."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata pa kushika. Nilitaka kumchukia mdogo wangu kwa kulisikia jambo lile, kwa kuwepo pale mtoto wangu akiniambia, na nilimchukia kiasi. Lakini chuki ile haikunipeleka mbali. Iliishia kwangu mwenyewe.

Mdogo wangu ndiye aliyeokoa jioni. Kazi inamwokoa mtu mahali ambapo ndugu hawawezi. Akaushika ubavu wa gauni, akaukunja, akaufunua. "Linatengenezeka," akasema. "Mbavu zote mbili tunazikata. Tunaingiza leisi kuanzia hapa kwapani mpaka hapa nyongani. Watu watadhani ndiyo mtindo wenyewe. Ila vipimo vya mwanzo havifai tena, lazima apimwe upya."

Akaivua futi yake shingoni. Akaishika mkononi, akamtazama binti yangu, wala hakunitazama mimi. Niliona swali likitoka kwa yule likienda kwa huyu, na mimi katikati nimesimama kama mteja aliyesahauliwa.

"Mama," binti yangu akasema. "Utaweza?"

Kupima nilianza kabla hajazaliwa, na yeye analijua hilo. Hakuwa ananiuliza kuhusu kupima.

"Nitaweza," nikasema.

Akalivua gauni, akabaki na shimizi. Mdogo wangu akanipa futi, akaenda kuchukua penseli yake. Nikaanza na kifua. Nikasoma namba, mdogo wangu akaandika. Nikashuka. Nilipozungusha futi kiunoni, maneno yalikuja yenyewe, wala sikuyaita. Yalikuja mengi na yalikuwa mazuri, yangemchekesha hata yule muuza vifungo. Yakafika mpaka kwenye meno. Binti yangu alikuwa anatazama ukutani, shingo imekakamaa, anayasubiri.

Nikayameza, nikasoma namba peke yake.

Mdogo wangu akaandika. Binti yangu alisubiri kidogo zaidi, kama mtu ambaye haamini mvua imekatika. Kisha nikasikia kitu kinalegea chini ya vidole vyangu. Tumbo lake lilikuwa linarudi mahali pake, taratibu, mpaka futi ikajaa na kukaza. Alikuwa amelivuta ndani tangu nilipomkaribia. Nikaangalia namba mpya pale kidoleni kwangu, nikaona ilivyopishana na ile ya kwanza. Nikakumbuka kila nguo niliyomshonea mtoto huyu tangu akiwa mdogo, jinsi zote zilivyombana, zote, na mimi kila mara nikimwambia ni yeye, amenenepa kati ya kupimwa na kuvaa.

"Hiyo ifute," nikamwambia mdogo wangu. "Napima upya."